Kidole Gumba cha Mbega

Enzi hizo, wajukuu zangu, mbega alikuwa na vidole vitano kila mkono, kama nyinyi hapo. Kidole gumba chake ndicho kilichosifika: kilisukuma kete za bao moja moja, upesi, hata macho yakashindwa kukifuata. Naye alijua, akaringa nacho.

Ukaja ukame, porini ukabaki mkuyu mmoja tu wenye matunda. Mbega aliutaka. Tumbili naye aliutaka, maana alikuwa na mtoto mchanga na maziwa yalikuwa yanamkauka. Wakakubaliana kucheza bao, mshindi achukue mkuyu, na Komba mwenye macho makubwa awe mwamuzi.

"Nikiiba hata kete moja," Mbega akatamba, "kidole hiki kisiwe changu tena!"

Tumbili akafungua mchezo kwa jambo la ajabu. Aliiacha wazi nyumba yake, lile shimo lenye kete nyingi kuliko yote. Watazamaji wakaguna. Mbega akaila papo hapo, kisha akaingiwa na hofu. Nani anagawa nyumba bure? Lazima kuna mtego, lakini uko wapi?

Akasambaza kete huku jasho likimtoka, akiutafuta mtego katika kila shimo. Zilipobaki mbili mkononi, akaona ya mwisho itaangukia shimo tupu, zamu yake iishie hapo, na Tumbili ammalize. Akaiachia moja. Ya mwisho akaibana chini ya kidole gumba.

"Fungua kiganja, bwana," Komba akasema.

Mbega akazidi kubana.

"Nimesema fungua."

Akafungua. Kete ikaanguka, na kidole kikaanguka nayo.

Komba akaiokota kete, akaiweka kwenye lile shimo ilikopaswa kuangukia. Kumbe halikuwa tupu! Ndani yake ilikuwamo kete moja aliyoidondosha Mbega mwenyewe kwa papara bila kutambua. Hiyo ya mwisho ingekula kete zote zilizombakia Tumbili.

"Hapakuwa na mtego, shemeji," Tumbili akasema. "Nyumba niliitoa ili uogope tu. Ungeiachia hiyo kete, leo mwanangu angelala njaa."

Na tangu siku hiyo mbega ana vidole vinne, anakula majani juu kabisa mitini. Akisikia kete zinagonga bao huko chini, huficha mikono kwapani.