Kamba Mkononi mwa Eufemia

Inasimuliwa, enyi wapendwa, kwamba katika mji mmoja ukingoni mwa jangwa la Shamu aliishi mjane mcha Mungu, Bibi Eufemia, Mola amrehemu. Hakujaaliwa mtoto. Alimlea Zosimo, yatima wa kaka yake, hata akawa shemasi, na Jumapili iliyokuwa inakuja alikuwa awekewe mikono awe kasisi.

Wiki hiyo ghala la nafaka la mji likateketea, na mlinzi wake akafia ndani. Akakamatwa Baruki, mchunga ngamia asiyeamini, aliyezoea kuwadhihaki Wakristo kila alipopita kanisani. Mdomo uliponza kichwa. Watu hawakuona haja ya ushahidi mwingi. Na mchoma ghala adhabu yake ilikuwa kifo.

Lakini saa ya moto ule Eufemia alikuwa darini akianika tini, akamwona aliyetoka ghalani mbio, taa mkononi, moshi ukimfuata. Alikuwa Zosimo. Kuingia na taa ghalani, penye makapi makavu, kulikatazwa, naye alijua.

Mahakama ikamwita Eufemia, maana dari yake ilitazamana na ghala. Asubuhi ya hukumu Zosimo alimjia, akamwamkia kwa heshima, akakiri kwamba mafuta ya taa yalimwagika, naye akakimbia kwa hofu. Kisha akaanza kumtuliza kwa elimu yake.

"Shangazi, kila mtu ana kweli yake. Wewe uliona taa. Mimi naona Mungu ameniponya nilichunge kundi lake. Na Baruki hana dini. Kwake kweli ni nini?"

Eufemia akachukua mtandio wake, akashika njia ya mahakamani. Alimpenda kijana yule kupita nafsi yake, na moyo ulimwambia anyamaze.

Desturi ya mahakama ile ilikuwa nzito. Shahidi alishikishwa ncha ya kamba aliyofungwa nayo mshitakiwa. Akimtia hatiani, huikabidhi kamba kwa askari. Akimtoa, hufungua fundo mwenyewe. Na ikiwa anamjua mwenye hatia, humpelekea kamba hiyo kwa mkono wake.

Baraza lilijaa. Eufemia alishika kamba, Baruki amefungwa upande wa pili. Hakimu akamuuliza kama huyu ndiye aliyemwona. Zosimo, aliyesimama miongoni mwa makasisi, akamtazama bila kupepesa macho. Watu wakaanza kunong'ona.

"Bwana hakimu," akasema Eufemia, "nilitamani sana awe huyu. Lakini moto ule uliwashwa na mtu mmoja, hata tukimpenda namna gani. Huyu siye."

Akafungua fundo. Kisha akageuka na kamba mkononi, akatembea kuelekea kwa makasisi, machozi yakimtiririka. Zosimo aliona hatua zile, akajua haziji kumbembeleza. Kabla hajamfikia, akanyoosha mikono yake mwenyewe.

"Nifunge, shangazi," akasema. "Nimechoka."

Kwa kuwa Zosimo hakukusudia, hakimu alimpeleka machimbo ya chumvi. Eufemia akauza nyumba yake, akahamia huko huko, akampikia mpaka alipomaliza kifungo.

Wapendwa, siku hizi tunaambiwa kweli ni kanzu, kila mtu ashonewe kwa kimo chake. Basi tukumbuke shingo ya Baruki. Mchunga ngamia huyo alikuja kubatizwa uzeeni, na alipoulizwa nani alimhubiria, alijibu kwamba hakuhubiriwa na mtu: alifunguliwa kamba na mwanamke aliyekuwa analia.