Sumu Iliyotafutwa kwa Jirani

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na simu za mkononi ndiyo kwanza zimeanza kuzoeleka Gendabi, mwaka ule Joakimu na mkewe Kornelia walipovuna maharage yaliyostawi kuliko ya wenzao wote. Maganda yalikuwa yamekauka hata yakilia kama njuga mtu anapopita. Ugomvi nao ulikuwa umekwisha. Ng'ombe wa jirani yao mfugaji, mzee Gidahosh, walikuwa wameingia shambani kwao na kula mahindi; wazee wakakaa, mzee akakubali kosa. Asubuhi hiyo alikuja mwenyewe na kibuyu cha maziwa ya mgando, akasema, "Kunyweni, tusahau."

Kornelia alikunywa. Joakimu, ambaye moyo wake haujawa mweupe, alisingizia tumbo.

Jua lilipopanda, nyuki alimdunga Kornelia shingoni. Alimpangusa kwa kiganja, akaendelea kung'oa maharage. Kabla hajafika mwisho wa mstari aliinuka ameshika koo.

"Baba Doris, sipati hewa," alimwambia mumewe, na sauti ikakatika. Midomo ilivimba, mwili mzima ukatoka mabaka, macho yakapinduka. Akaanguka kama gogo.

Joakimu alipigwa na bumbuwazi. Nyuki hakumjia akilini hata kidogo. Kilichomjia ni kile kibuyu. Akampigia simu mdogo wake, Tadei. "Gidahosh amemlisha mke wangu sumu," alisema. "Anakufa mikononi mwangu." Hakungoja jibu. Alimsimamisha kijana mwenye pikipiki, wakampakata Kornelia katikati yao, wakaenda mbio hadi kituo cha afya.

Daktari Judith ndiye aliyekuwa zamu. Alimsikiliza Joakimu akieleza habari za maziwa huku vidole vyake vikipapasa shingo ya mgonjwa. Akakwangua kwa ukucha kitu cheusi kilichokuwa kimenasa pale, kisha akamchoma sindano pajani. Joakimu aliegemea ukuta, tayari amemhesabu mkewe katika wafu. Mara kifua kikapanda. Kikapanda tena. Kornelia akakohoa, na uso uliokuwa kama majivu ukaanza kurudiwa na rangi.

"Huu ni mwiba wa nyuki. Aliwahi kudungwa kabla ya leo?" daktari aliuliza.

"Msimu uliopita. Aliwashwa mwili mzima, tukacheka tu."

"Siku ile seli zake za kinga ziliijua sumu ya nyuki, zikaambiana kwamba huyu ni adui mkubwa. Seli huongea, baba. Hazina mdomo, hutoa kemikali, na nyingine zikiipata hujua la kufanya. Leo zilipoiona tena sumu ile, zilipiga yowe kupita kiasi. Moja ikaita nyingine, nazo zikaita nyingine, mishipa ikalegea, koo likavimba. Nyuki alileta tone dogo lisiloweza kuua mtu mzima. Waliotaka kumuua ni walinzi wake mwenyewe."

Joakimu alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake imeamua yenyewe kumbomokea. "Na maziwa?"

"Maziwa hayana kosa."

Joakimu akakumbuka alichomwambia Tadei, na hasira za mdogo wake. Aliitoa simu mfukoni, akapiga. Tadei alipokea.

"Rudini," Joakimu alisema. "Mzee hana hatia. Ni nyuki aliyemdunga Kornelia."



"Kaka," Tadei alisema polepole, "tumeshamaliza."

Alasiri hiyo Gidahosh aliletwa kituoni kwenye gari la mizigo, mkono umevunjika, shuka lake limefungwa kichwani na kulowa damu. Tadei na vijana wenzake walikuwa wamemkuta akinywesha ndama. Hakukimbia, kwa sababu hakujua kosa lake. Joakimu alipomwona alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Shikamoo, mzee," alisema.

Gidahosh alimgeukia kwa jicho moja. La pili lilikuwa limefumbwa na uvimbe.

"Marahaba. Nimesikia mke wako anaumwa. Amepona?"

Kornelia, aliyekuwa amelala kitanda cha pili, aliinua kichwa kwa shida. "Nani amempiga mzee?" aliuliza.

Daktari akaendelea kufunga jeraha. Joakimu aliangalia mlango, akaangalia sakafu, kisha akapiga magoti kando ya kitanda cha mzee, akalia mbele ya watu kama mtoto.

"Ni mimi," alisema.

Adui aliyemsaka ng'ambo ya mpaka wa shamba hakuwako huko. Mkewe alikuwa amekaribia kuuawa na kinga yake mwenyewe, na jirani aliyekuja na amani amevunjwa mkono kwa neno lililotoka katika kinywa cha Joakimu. Wahenga hawakukosea waliponena: kikulacho ki nguoni mwako.