Jina Moja Chini ya Picha ya Ndiva

Haya ninayowasimulia sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwepo. Picha ilipopigwa nilikuwepo, ilipokatwa nilikuwepo, na siku ya kugombaniwa nilikuwa nimekaa kiti cha mbele kabisa, ambacho hakikuwa changu. Shule niliiacha njiani, lakini macho yangu hayajawahi kufeli mtihani. Anayetaka kubisha asubiri nimalize.

Kwetu, milima ya Upare, walikuwepo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Nakijwa, mwanamke mwenye shamba la maharage, alijaliwa kungoja. Angeweza kukaa juu ya jiwe tangu alfajiri akingojea wingu lihame, wala asikohoe. Sefu, aliyekuwa na banda la kuonyesha video kabla simu hazijamnyang'anya wateja, alijaliwa kutazama. Kamera hajawahi kuishika, ila ukimwonyesha picha atakwambia ubaya wake wote, na utaondoka bado unampenda. Kiangi, mwenye studio ya picha za pasipoti karibu na soko, alijaliwa kuacha. Kompyuta wanaijua wengi. Kiangi alijua mahali pa kuondoa mkono.

Basi kata yetu ikajenga ukumbi mpya, likatoka tangazo: inatakiwa picha moja ya mandhari ya kwetu, itundikwe ukutani, jina la mwenyewe liandikwe chini yake. Na mwenye jina hilo apewe kamera mpya.

Nakijwa aliposikia neno kamera, chakula kilimshinda. Ile aliyokuwa akitumia ilikuwa ya kaka yake, na kaka yake alikuwa anarudi nayo Moshi karibuni. Baada ya hapo angebaki na macho matupu, aone mawingu yakipita na asiwe na la kuyafanya.

Alijua anachokitaka. Kwetu tuna ndiva, bwawa la udongo kule juu mlimani. Maji ya mfereji hujaa humo usiku, asubuhi linafunguliwa, na kila familia ina zamu yake. Likifunguliwa jua likichomoza, maji huteremka yakiwasha tuta moja baada ya jingine, kama mtu anayepita nyumba kwa nyumba akifungua madirisha. Tatizo ni ukungu. Kila asubuhi Nakijwa alipanda kilimani, na kila asubuhi ukungu ukamnyima.

Ulipoamua kuondoka, ukachagua siku ya zamu yake mwenyewe.

Mwenye zamu hutakiwa awe shambani na jembe, ayaelekeze maji. Asipokuwepo yanampita, yanakwenda kwa mwingine, na yeye asubiri zamu izunguke tena. Nakijwa alisimama kilimani, kamera mkononi, akiyaona maji yake yanakaribia shamba lake.

"Dada Nakijwa," jirani yake akamwita kutoka chini, "maji yako hayo. Au leo maharage yatanywa picha?"

"Yaache yapite," akajibu, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua.

Akapiga. Maharage yake yakakauka yakiwa na maua.

Picha akampelekea Sefu. Sefu aliisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, mpaka Nakijwa akaanza kujitetea kabla hajashtakiwa.

"Hii ni picha ya nini, dada?"

"Ya ndiva. Huoni?"

"Iko wapi?"

Nakijwa akaonyesha kwa kidole.

"Ukiona umelazimika kuonyesha kwa kidole, ujue picha yenyewe haijasema," Sefu akamwambia. "Sasa nisikilize. Hii njia ya maji inavuta jicho kama uzi. Usiiguse, hiyo ndiyo mali yako. Lakini anga limekula nusu ya picha, na halina kitu. Halafu hapa pembeni kuna bati la bluu. Jicho linateremka vizuri na maji, likifika hapa linadakwa, halirudi tena."

"Bwana Sefu, hilo si bati lako?"

"Ni langu. Nimelipaka rangi juzi, na nilikuwa nimeshaanza kuwaambia watu kwamba nyumba yangu itatundikwa ukumbini." Akamrudishia picha. "Kata."

Nakijwa aliondoka amenuna, akarudi kuaga vizuri, kisha akaenda kwa Kiangi.

Kiangi alikuwa na foleni ya wanafunzi wanaotaka picha za vitambulisho. Alipoiona ile picha akawaomba warudi kesho, akafunga mlango. Kesho hawakurudi. Walikwenda studio ya ng'ambo ya soko, na huko ndiko wanakokwenda mpaka leo.

Alikata anga, kama Sefu alivyoagiza. Akakata zaidi, ukingo wa ndiva ukapotea, akaurudisha. Akaliondoa bati. Akafifisha weupe uliokuwa unaumiza macho, akaangaza kidogo kivuli cha bondeni, na yale matuta yaliyokuwa yamelala gizani yakaonekana, kila moja na mstari wake wa maji. Nakijwa, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akaingiwa na tamaa.

"Ongeza kijani hapo."

"Hapana."

"Kidogo tu, Kiangi."

"Dada, nikiongeza, hii haitakuwa Upare tena. Itakuwa kalenda. Watakaoitazama ni watu wanaolima hapo, watatucheka."

Akaondoa mkono. Mimi nilikuwepo, nilimwona alivyoukalia ule mkono usije ukarudi.

Nakijwa akaipeleka kwa waamuzi wa kata, ikashinda. Hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu waamuzi walisimama mmoja mmoja kueleza kilichowapendeza. Wa kwanza alisema picha imeipata dakika ambayo haipatikani. Wa pili alisema haina kitu cha ziada, jicho linajua pa kuingia na pa kutokea. Wa tatu alisema ni ule mwanga wa bondeni, umekolea bila kudanganya. Mwenyekiti akauliza, "Mwenye picha ni nani?" Wakasimama watu watatu.

"Mimi ndiye niliyeingoja," alisema Nakijwa. "Bila mimi mngekata nini?"

"Uliniletea anga na giza, dada," akasema Kiangi. "Ndiva niliitoa humo kwa mikono yangu. Na kamera yangu ya studio imeshachoka, wewe mwenyewe unaijua."

"Mimi sikugusa kitu," akasema Sefu. "Ila kabla hajaja kwangu, huyu alikuwa anapenda anga, na wewe Kiangi usingejua ukate wapi. Nyumba yangu nimeitoa mwenyewe. Angalau jina langu libaki."

Mwenyekiti, mtu mwerevu asiyependa lawama, akasema nafasi ni ya jina moja, kamera ni moja, na haigawanywi. Akachukua kalamu na kikaratasi cha kuandikia jina, akampa Nakijwa. "Wewe ndiye uliyeleta picha. Andika."

Nakijwa akainama juu ya kile kikaratasi. Kamera ilikuwa pale mezani, karibu na kiwiko chake, akaisikia harufu ya upya wake. Ya kaka yake ilikuwa imeshakwenda Moshi. Akaitazama picha ukutani akitafuta sehemu ambayo ni yake peke yake, akakuta kila anapoweka jicho kuna mtu mwingine amesimama hapo pamoja naye. Akaigusisha kalamu kwenye karatasi. Ikaacha nukta.

Je, wewe ungeamua vipi? Ungeandika jina gani?

Usijibu haraka, kuna jambo nataka kukiri kabla hujafungua mdomo. Maharage hayakukauka. Yule jirani alishika jembe, akayaelekeza maji kwa Nakijwa mpaka tuta la mwisho, kisha akaenda zake. Nimeyakausha mimi, maana nilipoitazama hadithi niliona imelalia upande mmoja: Sefu katoa nyumba, Kiangi katoa wateja, Nakijwa hakutoa kitu. Mengine yote ni kweli tupu.

Haya, amua upya. Na huyo jirani naye usimkate.