Shokapu Mpya za Mzee Ambokile

Isome hii taratibu, halafu mpelekee mtu mliyezoeana naye miaka mingi.

Mzee Ambokile wa Tukuyu alikuwa na pikipiki kuukuu, na nyuma ya pikipiki hiyo alikuwa na mke. Kila siku ya gulio Mama Lusekelo alijifunga kitenge, akakaa upande kama walivyokaa wanawake wa rika lake, mkono mmoja begani kwa mumewe. Njia nzima alimmwagia umbea sikioni: nani kaposwa, nani na wifi yake wamenuniana. Mzee alijifanya hasikii, kumbe hiyo ndiyo ilikuwa redio yake.

Siku moja pikipiki ilitua kwenye shimo, mama akaguna.

"Mgongo wangu, Baba Lusekelo! Shokapu zako zimezeeka kuliko sisi."

Neno lile likamkaa mzee moyoni. Akaenda kwa fundi bila kumwambia mtu. Fundi akang'oa shokapu za nyuma zilizochoka, akamfungia za pikipiki ya aina nyingine, ya kubebea mizigo, nene na ndefu kidogo.

"Mzee wangu, sasa mashimo utayasikia kwa majirani tu," akamwambia.

Mzee akarudi nyumbani anachekelea kama bwana harusi. "Mama Lusekelo, njoo uone! Nimezifunga kwa ajili yako." Mama akaizunguka pikipiki, akasifia.

Lakini gulio lililofuata alisema ana mafua. Lililofuata tena, ana nguo za kufua. Baadaye akawa anatangulia tu kwa miguu, yeye na majirani zake.

Mzee akabaki kuendesha peke yake. Pikipiki ilikuwa laini kweli, ila barabara ilikuwa ndefu. Aliukumbuka ule mkono begani, akaukumbuka hata ule umbea, na roho ikamuuma. Mwenzangu amenichoka, akajisemea. Tumezeeka, na sasa amenichoka.

Alasiri moja alirudi mapema kutoka shambani, akasikia kishindo nyuma ya nyumba. Kuchungulia, akamwona mkewe ameanguka kando ya pikipiki, kigoda kimepinduka, kitenge kimejaa vumbi.

"Mama Lusekelo! Unafanya nini?"

"Najifunza kupanda," mama akajibu, macho chini. "Tangu ufunge hizo shokapu, siti imekwenda juu. Magoti yangu hayaniruhusu kuifikia tena. Pale gulioni ningepandaje? Ninyanyuliwe kama gunia, watu wakiangalia?"

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulifurahi mno siku ile, baba. Ningeanzia wapi?"

Mzee akainama, akamwinua. Akampangusa vumbi huku machozi yakimlenga. "Kesho zinarudi kwa fundi. Atafute fupi."

"Hiyo kesho," mama akasema. "Leo nipandishe kwanza. Nina habari zimenijaa kifuani, karibu nipasuke."

Mzee akamnyanyua mwenyewe, akamkalisha upande, wakazunguka kijiji. Walipofika kwenye kona ya kurudi nyumbani, mama alikuwa katikati ya habari ya harusi iliyovunjika. Mzee akaipita ile kona kama haioni.

Funzo: Ukimtendea mwenzako wema, usiishie kuufurahia wewe, muulize kama umemfaa. Na wewe uliyetendewa, sema. Wapo watu wanaopotezana ndani ya nyumba moja kwa sababu kila mmoja anaogopa kumwudhi mwenzake.