Nani Alimpata Kinda wa Korongo?

Jisogezeni, mkeka bado una nafasi.

Huko Kagera, kando ya kinamasi cha mafunjo, waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Byarugaba, mfuga nyuki, alijaliwa masikio: ndege akilia, alijua ni ndege gani na yuko wapi. Nestori, fundi saa, alijaliwa mikono: alishika skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi na isitikisike. Na Kemilembe, mwalimu wa shule ya msingi, dada yake Byarugaba, alijaliwa kuuliza. Hakununua hata kiberiti bila kuuliza kama kimeloa.

Mwaka mmoja ikaja habari kwamba kinamasi kitalimwa mpunga. Waliopanga walisema korongo taji hawazaliani hapo tena. Mtafiti wa ndege aliyepita kijijini akawaambia wale watatu, "Nileteeni picha ya kinda akiwa na wazazi wake, na trekta halitaingia. Lakini msimsogelee. Mkimkaribia, wazazi watakimbia na kinda atakufa."

Walijaribu kwa simu, wakiwa mbali. Yakatoka mafunjo na doa la kijivu.

"Huyu ni korongo au ni gunia?" aliuliza Nestori. Hakuna aliyethubutu kuapa.

Kikundi chao cha asali kilikuwa na akiba ya kununua kifaa kimoja tu. Kemilembe akatumwa Bukoba mjini.

Muuzaji akamwekea mezani kamera kubwa nyeusi. "Mwalimu, hii ndiyo ya wataalamu. Lenzi hii inatoka, unaweka nyingine."

"Hiyo nyingine ya kuvuta mbali imo ndani ya boksi?"

"Hapana, hiyo utanunua siku nyingine."

"Siku ipi, na kinda anakua?"

Macho yake yakatua kwenye rafu ya chini. Palikuwa na kamera ya umbo la kati, lenzi yake haitoki, lakini ukibonyeza inarefuka kama shingo ya kobe. Muuzaji akaitoa bila hamu. Kemilembe akasimama nayo mlangoni, akaielekeza kwenye paa la ng'ambo ya barabara, na njiwa akaja karibu hadi akaona jicho lake la rangi ya chungwa. Moyo ukamruka. Hata hivyo hakuilipia.

"Ubaya wake nini?"

Muuzaji akacheka. "Hakuna anayeniulizaga hivyo. Mwanga ukiwa hafifu, picha inatoka na chengachenga. Na ukivuta mpaka mwisho, mkono ukicheza kidogo tu, umeharibu."

Akarudi nyumbani mikono mitupu. Wenzake walinung'unika. Alijua kwamba akileta ile kubwa watu watamsifu, na akileta ya kati watauliza kwa nini hakununua ya wataalamu. Akalipima jambo hilo siku mbili nzima. Siku ya tatu akaenda akaichukua ile ya kati.

Ikaja zamu ya Byarugaba. Kinamasi kile ni kikubwa, na jicho la kamera huona kijisehemu kidogo tu kwa mara moja. Siku nne alikaa ukingoni amefumba macho. Siku ya nne akamshika dada yake mkono. "Wako wakubwa wawili, na sauti moja nyembamba kama filimbi. Nyuma ya yale mafunjo yaliyolala." Kemilembe alikodoa macho, hakuona kitu.

Kesho yake asubuhi Kemilembe akavuta lenzi mpaka mwisho. Mafunjo yakacheza kama nguo kwenye kamba. Byarugaba akajaribu, yakacheza zaidi. Ndipo Nestori alipolala kifudifudi kwenye tope, viwiko ardhini, mbu wakimla shingo, akingoja jua lishinde ukungu. Saa tatu mafunjo yakaachana kidogo. Kati ya miguu miwili mirefu myeusi akatokea kinda, manyoya yake kama unga wa mtama. Nestori akazuia pumzi, akabonyeza mara moja. Upepo ukayafunga mafunjo.

Moja ilitosha. Trekta halikuja.

Mtafiti alirudi na fomu: nafasi moja ya kusomea ulinzi wa ndege, na baadaye kazi pale pale kinamasini. Akamkabidhi Kemilembe. "Andika jina la aliyeipata picha hii."

"Bila masikio yangu," alisema Byarugaba, "mngepiga mafunjo mpaka mzeeke."

"Kidole kilichobonyeza ni hiki hapa," alisema Nestori. "Nyie wawili mlishindwa, na mimi nilikuwepo nikiona."

Kemilembe aliigeuza fomu mkononi. Moyoni alijua kwamba kamera nyingine yoyote ingewaletea doa lile lile la kijivu. Na aliitaka nafasi ile, akaona aibu kwa jinsi alivyoitaka.

"Dada, wewe una kazi tayari," Byarugaba alimwambia taratibu.

"Kwani hii ni ya mwenye shida, kaka, au ni ya aliyestahili?"

Mtafiti akatazama saa yake. Kemilembe akafungua kalamu.

Mimi naishia hapo, wenzangu. Mmoja alichagua, mmoja akasikia, mmoja akatulia. Ingekuwa wewe umeishika kalamu ile, ungeandika jina la nani?