Ngamia wa Muhtasib na Kibaraza cha Sheikh Thaubani

Wamesimulia waliopokea kutoka kwa waliokuwepo, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa nchi za Sham aliishi mja mwema aliyeitwa Sheikh Thaubani, mshona viatu. Wapokezi wamehitilafiana kuhusu jina la mji huo. Kuhusu ubovu wa njia zake wameafikiana wote.

Sheikh Thaubani, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akifanya kazi juu ya kibaraza cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba yake, katika kichochoro kilichoitwa Njia ya Kisima. Mwanzo wa njia hiyo ulikuwa mtaa wa mafukara, na mwisho wake msikiti wa Ijumaa na kisima cha maji matamu. Basi tangu alfajiri watu walipita hapo, wanaokwenda kuswali na wanaokwenda kuteka maji, naye Sheikh huku anashona, huku anamdhukuru Mola wake. Ndani ya nyumba mlikuwa na kiza, na macho yake yalikwishachoka kwa uzee. Bila ya mwanga wa pale nje asingeweza hata kutunga uzi kwenye sindano. Riziki yake na ya mkewe, Bibi Lubaba, ilikuwa juu ya mawe yale.

Miongoni mwa wapitao alikuwamo Bibi Kabsha, mjane aliyechota maji na kuwauzia watu. Kiriba chake cha ngozi ya mbuzi kilikuwa hakikai siku nyingi bila kutoboka, na kila kikitoboka Sheikh humshonea bila ya kupokea chochote. "Malipo yangu yako kwa Mola," husema. Bibi Kabsha naye humwombea dua ndefu, akaenda zake. Sheikh aliihesabu kazi hiyo katika mambo mema machache aliyotarajia kukutana nayo Siku ya Kiyama.

Ikawa Amiri wa mji anapenda kwenda msikitini siku ya Ijumaa juu ya farasi, na farasi wake wanapenda kila kitu isipokuwa watu. Diwani ya Amiri, yaani baraza lake la mashauri, ikakaa, ikashauriana, na baada ya chakula ikaamua kwamba Njia ya Kisima itiwe milango, wapite Amiri, watu wake, na wenye nyumba za hapo tu. Mpiga mbiu akatangaza sokoni kwamba uamuzi huo umetolewa kwa ajili ya raha ya waendao kwa miguu, nao wametengewa njia mpya, yao peke yao, isiyoingiliwa na mnyama yeyote.

Watu wakaenda kuitazama raha yao. Njia mpya ilizunguka nyuma ya mji, ikapita kwa watengeneza ngozi, ambao harufu yao haihitaji kusimuliwa, ikashuka bondeni, ikapanda tena. Aliyetoka kwake kwa adhana ya adhuhuri aliwakuta wenzake wakitoka msikitini.

Msimamizi wa jambo hilo alikuwa Ibn Farruji, muhtasib wa mji, yaani afisa aliyekabidhiwa masoko na njia. Hakuwa mtu mwovu. Alipenda tu mambo yaliyokwisha kuamuliwa. Milango ilikuwa bado kwa seremala, lakini walinzi walikwishawekwa, na Bibi Kabsha, aliporudishwa nao, alimwendea sokoni na kiriba chake mgongoni.

"Bwana mkubwa, ile njia yenu mpya ni ndefu."

"Ni pana, mama. Umeuona upana wake?"

"Nimeuona. Lakini mimi siendi kwenye upana, naenda kisimani."

"Mwenye lalamiko alipeleke diwani."

"Na diwani iko wapi?"

Ibn Farruji akanyoosha kidole. Diwani ilikuwa kule mwisho wa Njia ya Kisima.

Watu wa mtaa wa mafukara walipoona hivyo, wakapeleka shauri lao kwa Kadhi Sawwari, mcha Mungu mwenye maneno machache. Kadhi akasema kwamba njia ya umma haifungwi na yeyote, hata na Amiri. Lakini kichochoro cha wenye nyumba ni mali yao, na wakiridhia kifungwe, kitafungwa. Wenye nyumba walikuwa wameridhia karibu wote, kwa kuwa Amiri aliwaomba kwa upole na kwa askari. Likabaki swali moja tu: Njia ya Kisima ni ya nani?

Katika mji ule swali kama hilo lilikuwa na desturi yake. Ngamia wa muhtasib hubebeshwa shehena ya majani makavu mbavu zote mbili, kisha hupitishwa njia ile mbele ya Kadhi. Akipita hadi mwisho, njia ni ya umma. Akikwama, ni kichochoro cha wenye nyumba. Ngamia huyo aliheshimiwa mno, kwani katika watumishi wote wa Amiri ndiye pekee ambaye hajapata kubadili rai yake baada ya kupewa zawadi. Tende zilijaribiwa. Alizila, akapita palepale alipokuwa apite.

Siku moja kabla ya ngamia kuletwa, Ibn Farruji alikuja akaketi karibu na Sheikh Thaubani, akayapigapiga mawe kwa kiganja.

"Kibaraza kizuri hiki, Sheikh."

"Alhamdulillahi. Alikijenga marehemu baba."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Sheikh akaisimamisha sindano.

"Sikuulizi kwa ubaya," akasema Ibn Farruji. "Ila kesho ngamia akifika hapa atakwama. Shehena haiwezi kupita baina ya kibaraza chako na ukuta ule. Akikwama, kichochoro ni cha wenye nyumba, na kibaraza ni mali yako halali, nami nitakuandikia hati kwa mkono wangu. Lakini ikiwa njia ni ya umma, basi wewe, Sheikh wetu, umekalia njia ya Waislamu umri wako wote, unamdhukuru Mungu juu ya haki za watu. Sikwambii useme uongo, audhubillahi! Nakwambia unyamaze tu. Kunyamaza ni nusu ya hekima."

"Na nusu ya pili?"

"Hiyo kesho haitahitajika."

Alipoondoka, Sheikh alikusanya zana zake mapema, akaingia ndani, akamweleza mkewe. Walikuwa watoto wa ndugu wawili, na waliitana mwana wa ami mpaka uzeeni.

"Mwana wa ami," akasema Bibi Lubaba, "kwani kweli ni ipi?"

"Kweli naijua. Kabla ya kibaraza, ngamia wa msafara wa chumvi walipita hapa na mizigo yao. Nilikuwa mtoto. Kisha baba mgongo ukamuuma, akatafuta pa kukaa. Mawe nilimbebea mimi."

"Basi huna la kuuliza."

"Ninalo. Nikisema, kitavunjwa. Nikikaa ndani sioni. Tutakula nini?"

"Tutakula tulichoandikiwa. Zaidi ya hicho hatukipati, hata tukiikalia njia nzima pamoja na msikiti." Kisha akaongeza, "Na liko jambo jingine. Kiriba cha Kabsha, unajua kinatobolewa na nini?"

"Uchakavu."

"Kinatobolewa na kona ya kibaraza chako. Namwona kila siku kutoka dirishani. Akigeuka upande ili awapishe watu, kinakwaruza palepale. Anatobolewa na wewe, anashonewa na wewe, anakuombea dua, anaondoka."

Sheikh akapigwa na butwaa. "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi sana na sadaka yako, mwana wa ami. Nikaona haya kukuharibia."

Sheikh akatoka nje, akainama, akaipapasa ile kona. Jiwe lilikuwa limelainika kwa kukwaruzwa, ila ncha moja iliyobaki kali, na katika ufa wake zilinasa nywele za ngozi ya mbuzi. Akazitoa, akazitia kwenye kiganja chake, akasimama nazo hapo mpaka ikaadhiniwa magharibi.

Asubuhi watu walijaa. Kadhi Sawwari alikuwepo, na Ibn Farruji katika kilemba kipya, na walinzi, na Bibi Kabsha na kiriba chake. Ngamia akaingia, akatembea kwa adabu ya mtu anayejua cheo chake. Alipofika mbele ya nyumba ya Sheikh, shehena ikakwaruza ukuta upande huu na mawe upande ule, akasimama.

"Amekwama," akasema Ibn Farruji, tena kwa huzuni ya kutosha. "Basi hakuna shaka. Kadhi, tafadhali hukumu."

Watu wa mtaa wa mafukara wakatazamana. Kadhi akafungua kinywa.

"Ewe Kadhi," akasema Sheikh Thaubani, "ngamia huyu hakukwamishwa na njia. Amekwamishwa na mimi."

Akaeleza habari ya msafara wa chumvi, na mgongo wa baba yake, na mawe aliyoyabeba. Hakupunguza kitu. Akaapa kwa Jina la Mwenyezi Mungu kwamba njia ilikuwa ya umma kabla ya kibaraza kuwako.

Ibn Farruji akasema, "Kadhi, desturi inauliza kama ngamia amekwama. Haiulizi kwa nini amekwama."

"Mimi nauliza," akasema Kadhi.

"Lakini huyu ni mtu mmoja! Ushahidi wa mtu mmoja!"

"Huu si ushahidi tu, ni kukiri. Mtu akikiri dhidi ya nafsi yake, hatumtafutii wa pili." Kisha Kadhi akamgeukia Sheikh, na sauti yake ikalainika. "Unajua, Sheikh, kwamba nikihukumu hivyo kibaraza lazima kiondoke?"

"Ndiyo maana nimekuja na nyundo."

Akaitoa chini ya joho lake, akaanza na ile kona. Vijana wa mtaa wakakimbilia kumsaidia, akawazuia: "Acheni. Aliyeyabeba kuyaleta ndiye atakayeyaondoa." Kazi ikachukua muda, kwa kuwa baba yake alijenga vizuri, na muda wote huo ngamia alikuwa amegeuza shingo anakula shehena ya serikali. Ikabidi ijazwe upya mbele ya Kadhi, pasije pakawa na neno. Kisha akaongozwa, akapita mpaka kisimani, akanywa. Kadhi akahukumu njia ni ya waja wote wa Mungu, walinzi wakaondoka, na milango ikabaki kwa seremala.

Ibn Farruji, ambaye hakupenda siku iishe bila uamuzi, alimtoza Sheikh faini kwa kuacha kifusi njiani.

Ama ile njia mpya, diwani haikuweza kuifuta, kwani mbiu ilikwishapigwa, na maji yakimwagika hayazoleki. Basi ikapewa farasi. Amiri alipita nao kwa watengeneza ngozi Ijumaa moja. Ijumaa iliyofuata alionekana Njia ya Kisima, kwa miguu, akiwapisha watu.

Sheikh alihamishia kazi yake juu ya dari, penye mwanga. Kupanda ngazi kulimtesa magoti, na viatu alivyoshona kwa siku vilipungua, na chakula nyumbani kikapungua pia. Wateja wakasimama chini na kumrushia makubadhi yao, hata mgeni mmoja akauliza sheikh huyu amezua jambo gani katika dini mpaka anapigwa viatu mchana kweupe.

Siku nyingi zikapita. Bibi Lubaba akasema, "Kabsha haleti tena kiriba."

"Nami sijamwona tangu siku ile," akasema Sheikh. "Huku juu hazifiki hata dua zake."

"Anapita kila asubuhi, mwana wa ami. Anapita moja kwa moja, hageuki upande. Hana haja na wewe."

Sheikh akaweka sindano chini, akasema, "Alhamdulillahi," akalia. Wasimulizi wanasema hakupata kuifurahia sadaka yake yoyote kama alivyoifurahia hiyo.

Ndugu zangu, tumefundishwa kwamba kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani, nasi twadhani udhia ni lile jiwe alilolitupa mwingine. Kila njia inapofungwa twasimama tukawalaumu wakubwa, na mara nyingi wanastahiki. Lakini kabla hujapaza sauti, inuka kidogo utazame umekalia nini. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe na nyundo zetu wenyewe.