Riwaya ya Marehemu Kakakuona

Hapo zamani, watoto, zamani zile ambazo Tembo alivaa miwani na Kindi alikuwa na jiko lake na sufuria zake, wanyama wa Bonde la Mikunazi walipenda sana riwaya. Au tuseme, walipenda kuonekana wanazipenda. Walikuwa na chama chao, na chama kilikuwa na sanduku kubwa la mvule lililojaa riwaya za waandishi wa zamani. Kila nyumba ilikuwa imetoa vitabu vyake vikawekwa humo, eti visomwe na wote.

Visomwe na nani? Sanduku lilikaa barazani kwa Tembo, mwenyekiti wa chama, na ufunguo ulining'inia shingoni mwake. Ukienda kuazima kitabu, unamkuta amelikalia sanduku lenyewe anakunywa chai. Anakuambia urudi kesho. Ukirudi kesho, anakuambia kucha zako kali, utachana kurasa.

Kindi alikuwa ameambiwa hivyo mpaka akachoka. Utotoni mwake, nyanya yake alikuwa akimsomea riwaya moja yenye jalada la kijani, kipande kila jioni. Walipofika katikati, vitabu vikakusanywa. Nyanya akatoa chake kwa moyo mweupe, na hawakukiona tena mpaka akafa. Sasa Kindi alikuwa na watoto wake, masika yanabisha hodi, na hakuwa na cha kuwasomea ila maandishi ya mfuko wa unga. Jambo hilo lilimuuma sana, na Kindi hakuwa wa kukaa na uchungu bila kuufanyia kazi.

Kila mwaka chama kilifanya Siku ya Wakongwe. Nyumba moja, kwa zamu, ilitaja mwandishi wa zamani wa kuadhimishwa. Wanachama walisimama kumsifu, na aliyemsifu vizuri kuliko wote alikabidhiwa ufunguo wa sanduku mpaka mwaka mwingine. Alishinda Tembo kila mara. Hotuba yake ilikuwa ile ile: kwamba riwaya hii ina kina, kwamba mwandishi huyu alituona sote, kwamba yeye binafsi alilia. Ilimtosha kila mwandishi, kama shuka.

Mwaka huo zamu ikaiangukia nyumba ya Kindi.

Siku ilipofika, wanyama walijaa uani kwa Tembo. Kindi alikuja na sinia la kashata, akaliweka chini, akapanda juu ya kigoda.

"Ndugu zangu," akasema, "mwaka huu nyumba yangu inamtaja marehemu Kakakuona wa Ng'ambo, na riwaya yake kuu, Mtumbwi wa Zainuri."

Tembo akamtazama Kiboko, katibu wa chama. Kiboko akazitazama kashata. Kisha Tembo akatikisa kichwa polepole, kama aliyekumbushwa rafiki wa ujana.

"Aah, Kakakuona," akasema. "Nani asiyemjua Kakakuona?"

Kindi akauma midomo asicheke. Chambo kilikuwa kimemezwa, na ndoano yake.

Kiboko naye hakutaka kuachwa nyuma. Akasimama, ndi! ndi! ardhi ikatikisika, akaeleza kwamba alikisoma kitabu hicho ujanani, tena akakirudia. Ile sura ya Zainuri kuvuka mto uliofurika ilimfanya ashindwe kula. Kindi akamuuliza kwa adabu kama Zainuri alipona. Kiboko, ambaye mambo ya mito hafundishwi, akajibu kwamba mtumbwi ulipinduka, chubwi, Zainuri akazama, na uzuri wote wa riwaya uko hapo.

Tembo hakupendezwa. Mwenyekiti afundishwe na katibu mbele za watu? Akasema Katibu alisoma kwa haraka. Zainuri hakuzama hata kidogo, kwani palikuwa na tembo mmoja mwenye busara akioga mtoni, akanyoosha mkonga akamvuta. Twiga akadakia kwamba hata yeye anamkumbuka tembo huyo, na alikuwa mzuri ajabu. Wa nyuma wakapiga makofi, pwa pwa pwa. Alizama, hakuzama, alizama, hakuzama, mpaka wazee wakaanza kusukumana na kashata zikamwagika.

Kindi akanyoosha mkono. "Wazee wangu, ya nini kugombana? Mwenyekiti, kitabu si kimo sandukuni?"

"Kimo," akasema Tembo. "Jana tu nilikuwa nakisoma."

"Basi tusomewe mwisho wake."

Wote wakaitikia kwamba hilo ni jema. Masikio ya Tembo yakaacha kupepea. Akavua ufunguo akautia kwenye kufuli, lakini kutu ilikuwa imelishika, ikabidi Kiboko asaidie kuzungusha. Kwiii! Kifuniko kikafunguka. Utando wa buibui ulikuwa umetanda kutoka pembe hadi pembe, mzima, na buibui mwenyewe akatoka taratibu kama mwenye nyumba aliyeamshwa. Kila mtu aliuona. Tembo akaingiza mkonga, akakoroga vumbi, akapiga chafya, kisha akalalamika kwamba miwani imefanya ukungu. Akamwomba Kindi amtazamie.

Hicho ndicho Kindi alichokuwa akikitaka miaka yote. Akaruka ndani. Akavipitia vitabu kimoja kimoja, bila haraka, na alipokiona chenye jalada la kijani akakikumbatia, macho yakamlowa. Kisha akatoa kichwa nje.

"Hakimo, Mzee."

"Basi kimeibwa!" Tembo akawageukia watu. "Nilikiweka humo mwenyewe, kwa mkonga huu."

"Hakijaibwa, Mzee," akasema Kindi. "Hakijaandikwa. Huyo Kakakuona nilimtunga mimi juzi, nikikaanga karanga za kashata."

Mbega mmoja nyuma akacheka, kwi kwi kwi, na kicheko kikazunguka ua mzima. Kiboko akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli bwawani. Kindi akawauliza wanachama nani leo amesifu kitabu kilichopo. Wakakiri kwamba hayupo. Basi wakamkabidhi yeye ufunguo, naye akautundika palepale ukutani, kwenye msumari wa chini kabisa, mahali ambapo hata mtoto wa panya angeufikia.

Watu walipotawanyika, Tembo alibaki amesimama, masikio yameanguka.

"Lakini Kindi," akasema kwa sauti ndogo, "yule Zainuri... alizama kweli?"

Kindi akamwangalia akaona hatanii. Hasira yote ikamtoka. Akajisogeza pembeni ya sanduku, akafungua jalada la kijani.

"Kaa chini, Mzee," akasema. "Hata mimi kuna kitabu nakidai mwisho wake tangu utoto. Tuanze na hiki."

Nami hadithi yangu naifunika hapo, watoto, na neno lake ni hili: kabla hujakisifu kitabu, kisome.